Sera ya Vitabu Visivyoazimwa

Nilipewa kazi ya kuandika sera ya kununua vitabu katika mwaka ambao hatukununua hata kimoja. Vita vilikuwa vimefunga milango ya benki, ndege hazikuwa zikitua, barabara ya Uvira ilikuwa ya wenye roho ngumu, na maktaba ya chuo chetu hapa Ibanda, Bukavu, ilikuwa imekaa bila kitabu kipya hata wanafunzi wakaacha kuuliza. Ndipo Secrétaire wetu, yaani katibu mkuu anayesimamia masomo, aliponiita ofisini kwake. Washirika wa chuo walioko ng'ambo walitaka kuona sera ya maktaba: karatasi inayoeleza tunachagua vitabu vipi, tunapokea zawadi gani, tunatunza nini na tunaondoa nini. Kazi yangu ilikuwa kukusanya sera za vyuo vingine, kuzilinganisha, kisha kushona ya kwetu.

“Maman, usijichokeshe bure,” aliniambia. “Fanya comparaison tu. Uangalie bengine banafanyaka namna gani, tubebe ile iko muzuri.”

“Na tutanunua na nini, Secrétaire?”

“Ile ni question ingine.”

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilishuka ngazi nzima nikinung'unika, na mlinzi wa getini alipouliza kama nyumbani kuna msiba nilimjibu kwamba msiba uko juu, ofisini. Lakini kazi ni kazi. Na nitasema ukweli: nilipoanza kuzisoma hizo sera, niliona raha kidogo. Nimesomea ukutubi, na ilikuwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza swali la ukutubi. Huwa naulizwa ufunguo wa choo.

Nilianza na majirani. Chuo kimoja kilinipa karatasi tatu zenye muhuri mkubwa kuliko maneno. Chuo cha pili kilikuwa na sera ndefu, nzuri, iliyofungwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekimbilia Burundi. Katika chuo cha tatu, msimamizi wa maktaba ni rafiki yangu tangu tukiwa wanafunzi. Nilipomtajia neno hilo la sera, politique kwa Kifaransa, alicheka mpaka akashika kiti. “Politique? Iko mu kichwa yangu. Leta karatasi ufanye photocopie ya kichwa.”

Za mbali nilizipakua kwenye simu asubuhi mapema, kabla mtandao haujaelemewa. Kuzisoma kulikuwa kama kusimama nje ya hoteli ukisikia harufu ya kitoweo. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa na ukurasa mzima kuhusu unyevu wa hewa ndani ya chumba cha vitabu. Sisi tuna madirisha mawili na tunafungua moja. Chuo kingine kilieleza kwa upole jinsi ya kukataa zawadi ambazo maktaba haizihitaji. Nilicheka peke yangu. Hapa kwetu nani atakataa zawadi? Tuliwahi kupokea sanduku zima la vitabu vya kufundisha watu kuteleza juu ya theluji, tukapiga picha na mtoaji, tukashukuru, tukaviweka kwenye rafu. Bado viko.

Nilichora jedwali. Upande mmoja vyuo, upande mwingine maswali: nani anachagua, nani anakataa, nakala ngapi, kipi kinatoka. Walitofautiana karibu katika kila jambo, ila moja. Karibu wote walikubaliana kwamba kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mingi kinapaswa kuondoka. Wanasema ni kupalilia. Mimi ni mtoto wa wakulima, nimepalilia maharagwe tangu nikiwa mdogo, na niliona neno hilo limekaa vizuri. Niliuandika mstari huo kama nilivyoukuta, nikapeleka jedwali.

Hapo lazima nieleze chumba cha nyuma.

Nyuma ya ukumbi wetu wa kusomea kuna chumba kirefu ambacho hakina kitabu hata kimoja kilichonunuliwa. Kina mémoires. Mwanafunzi akimaliza masomo anaandika kazi yake ya mwisho, ndiyo hiyo mémoire, anaitetea mbele ya walimu, kisha nakala moja yenye jalada gumu inaletwa kwetu. Kuna za kilimo, za sheria, za uuguzi; nyingine nzuri, nyingine Mungu anajua zilipitaje. Haziazimwi. Zamani ziliazimwa, lakini mémoire ya mtu ilitoka hapa kwa miguu yake, ikaonekana katika chuo kingine ikiwa na jina la mtu mwingine kwenye jalada, hata makosa ya tahajia yakiwa yale yale. Tangu siku hiyo zinasomewa palepale. Mwanafunzi anaacha kadi yake mezani kwangu, anapewa mémoire, anasoma. Akirudisha anachukua kadi yake. Hakuna kinachoandikwa popote. Ndivyo tulivyofanya siku zote na hakuna aliyeona ubaya wake.

Na si wanafunzi tu waliokuja. Mtu asiye wa Bukavu anaweza asielewe jambo hili. Kurasa za mwanzo za mémoire ni za kutabaruku na kushukuru, na watu wetu hawazichukulii kwa mzaha. Mwanafunzi anawataja baba na mama, mjomba aliyemlipia mwaka wa kwanza, shangazi aliyempa kitanda, jirani mwenye taa, kwaya ya parokia, mchumba, na marehemu wote kwa majina kamili. Familia nyingi za mji huu hazijawahi kuandikwa mahali pengine popote, isipokuwa kwenye daftari la ubatizo. Kwa hiyo wanakuja. Baba anapanda ngazi na suti ya Jumapili, anauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuona “fasi yenye tuko,” yaani mahali walipotajwa. Anaonyeshwa. Anasoma, anatikisa kichwa, anashuka. Mwandishi akifa, wanakuja zaidi.

Mmoja wao alikuwa mama mwenye kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Alikuja mara ya kwanza wakati watu wa Sange walipokuwa wakipanda kwa wingi kutoka bonde la Ruzizi wakikimbia mapigano. Alikuwa na beseni lake kichwani. Akaliweka nje ya mlango kwa heshima, ingawa harufu iliingia naye. Aliniambia mwanawe alisoma hapa kilimo, akamaliza, na mwaka huohuo gari alimokuwa likaanguka kwenye zile kona za barabara ya Uvira. Walimzika Sange. Hakujua kusoma Kifaransa. Alikuwa anauliza tu kama ni kweli kwamba kazi ya mtoto iko kwetu.

Ilikuwepo. Ilihusu mifereji ya maji katika mashamba ya mpunga ya Sange. Nilimketisha, nikamfungulia ukurasa wa kwanza. Alitaka kuusikia kwanza kwa Kifaransa, kama mtoto alivyouandika, kisha kwa Kiswahili. Nikamsomea: Kwako mama mpenzi, wewe uliyeamka kabla ya jogoo kwa ajili ya masomo yangu, kazi hii ni tunda la jasho lako.

Nimesoma kurasa kama hizo nyingi mno. Ninajua kwamba jogoo huyo na jasho hilo viko katika kila mémoire ya tatu, kwamba watoto wanaigiliana, kwamba huyu kijana huenda aliinakili sentensi hiyo kwa mwenzake aliyemtangulia, jioni moja akiwa na haraka. Sikusema. Mama alikuwa ameshika mdomo kwa mkono.

“Aliandika vile?” akauliza. “Kwamba mi naamukaka mbele ya jogoo?”

“Aliandika vile, maman.”

“Alikuwa anaona, basi. Mi nilizani alikuwa analala.”

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila biashara inapomleta Ibanda. Hakuwa na kadi ya mwanafunzi, basi aliacha kadi ya kupigia kura. Sikumwambia kwamba hakuhitaji kuacha chochote, kwa sababu niliona anapenda kuiacha. Siku moja nilimuuliza kama hapati uchungu. Akanijibu, “Kaburi iko kule, na kule njia hakuna. Hapa njo karibu,” yaani hapa ndipo karibu. Kisha akaniwekea sambaza kidogo katika karatasi, nami nikala mchana ule na ugali, na nilikula huku machozi yakinilengalenga, mjinga mimi.

Kwa hiyo mtaelewa jinsi nilivyokuwa siku ya kikao cha sera.

Tulikaa katika chumba cha mikutano, Secrétaire, wakuu wawili wa vitivo, na mimi na jedwali langu. Hawakuwa watu wabaya, ningependa sana kusema walikuwa wabaya. Chuo kilikuwa na tawi huko bondeni, na tawi limefungwa, na wanafunzi wake walikuwa wamepanda Bukavu na virago vyao. Walikuwa wanafundishiwa koridoni, wamekaa sakafuni, wanaandikia magoti. Mvua ikinyesha upande wa ziwa inawafikia. Nilikuwa ninawaruka kila asubuhi ninapoingia kazini.

Secrétaire aliweka kidole kwenye mstari ule mmoja ambao karibu vyuo vyote vilikubaliana. “Maman, mémoires ziliazimwa mara ngapi?”

“Haziazimwi, Secrétaire. Zinasomewa palepale.”

“Kwa hiyo zéro.”

“Si zéro. Watu wanakuja kila siku.”

“Nitaamini, mi nakuaminia. Lakini tuko na chiffre, na hesabu?” Aliwatazama wenzake, akanitazama, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyoniudhi zaidi. “Ile chumba inaweza kuingiza promotion mbili, madarasa mbili nzima. Banafunzi beko chini, maman. We mwenyewe unabaona.”

Damu ilinichemka. Nilisema kwamba nilichokilinganisha ni vyuo vyenye mashine inayohesabu kila mkono unaogusa kitabu, na sisi tuna meza na kadi. Kwamba huwezi kupima maziwa kwa rula. Nilisema maneno mengi, mengine hayakuwa ya kikao. Mkuu mmoja wa kitivo, mwanamke ninayemheshimu, aliniambia nihesabu basi, nipewe muda nihesabu wasomaji, tukutane tena.

Nikahesabu. Na hapo ndipo maji yaliponifika shingoni, maana mji ulikuwa katika hofu ule muda. Kulikuwa na siku ambazo maduka hayakufunguliwa, siku ambazo wazazi waliwafungia watoto nyumbani, siku ambazo mimi mwenyewe nilifika kazini nikakuta niko peke yangu na mlinzi. Nilikaa mezani na kalamu nikisubiri mtu apande ngazi. Nikisikia hatua nilikuwa ninasimama. Mara nyingi alikuwa mtu anayetafuta choo. Nilifikia mahali pa kumsihi mwanafunzi mmoja wa sheria aingie tu, ashike mémoire yoyote, afungue. Alinionea huruma, akaingia. Nilimhesabu, na nilijichukia.

Hesabu ilikuwa ndogo hata nikaona aibu kuisoma. Sikuisoma. Niliiweka mezani, wakaipitisha mkono kwa mkono, kisha Secrétaire akasema kwa upole kwamba chumba kitakuwa darasa. Ningefurahi kama wangenikaripia.

Nilimwendea rafiki yangu, yule mwenye sera kichwani. Chuo chake ni kikubwa, kina nafasi. Nilimwomba azipokee mémoires zetu zote. Alikuna kichwa, akaenda kwa wakubwa wake, akarudi akiwa hanitazami machoni. Watachukua zilizopata alama za distinction na kuendelea juu. Hizo zina faida kwa utafiti. Za chini ya hapo, hapana.

“Njo ile iko mu kichwa yako?” nilimuuliza.

“Hapana, dada. Ile ni ya bakubwa. Sasa beko nayo, njo shida.”

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwenye mémoire ya mifereji ya Sange. Kijana alikuwa amepata satisfaction, yaani amepita, kama wanavyopita wengi. Walimu walisema mapendekezo yake yalikuwa ya jumla mno. Niliigeuza kurasa zote siku ile, kwa mara ya kwanza, nikitafuta kitu chochote ambacho ningeweza kukipigania mbele ya watafiti. Ilikuwa kazi ya kawaida. Michoro imepinda, marejeo hayajapangwa. Nilitamani kumfufua nimgombeze. Ungeongeza juhudi kidogo tu, mwanangu, kidogo tu, leo mama yako angekuwa na mahali.

Mtaniuliza kwa nini sikuzipiga picha zote. Niliwaza hilo. Mashine yetu ya kuskani ilikufa siku umeme uliporudi kwa nguvu mno, na simu yangu inajaa kwa picha za ubatizo wa mtoto mmoja. Nilijaribu siku mbili tatu, nikasimama juu ya kiti karibu na dirisha, nikafanya rafu moja, simu ikazima. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Mlinzi alikuja akasimama mlangoni, akaondoka, na nadhani ndiye aliyeeneza kwamba maman wa bibliothèque ameanza kuchanganyikiwa.

Zile ambazo hazitachukuliwa zingeenda wapi? Kila mtu alijua na hakuna aliyetaka kulisema. Karatasi haitupwi Bukavu. Wanawake wa sokoni wanazinunua kwa uzito, wanafungia karanga, beignets, yaani maandazi, na sabuni ya kipande. Nimekula karanga nyingi katika mitihani ya watu. Nilianza kuota kwamba ninafungua kifurushi cha karanga na ndani ninaona jina langu.

Basi nikarudi kwenye sera. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nilizisoma tena zote, za karibu na za mbali, mstari kwa mstari, sasa si kama mtaalamu bali kama mtu aliyefiwa anayepekua mifuko ya marehemu. Nilitafuta neno moja tu la kunisaidia. Na katika sera ya chuo kimoja cha mbali, mwishoni kabisa, baada ya viambatisho, nililikuta. Ilisema kwamba kazi inayoondolewa isitupwe wala kuuzwa kabla mwandishi wake, au familia yake, haijapewa nafasi ya kuichukua.

Nilipiga kofi mezani, wasomaji wawili waliokuwepo wakaruka.

Niliinakili sentensi hiyo, nikaitia katika rasimu yetu, nikaizungushia maelezo kwamba vyuo vinavyojiheshimu hufanya hivi. Kikao kiliikubali haraka. Haikuwagharimu kitu, na nadhani na wao walikuwa wanatafuta njia ya kulala. Secrétaire alinishika mkono, akasema, “Maman, umetuokoa aibu.” Nilitoka nimenyoosha shingo. Kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze nilijiona nimeshinda kitu. Nilimwona mama wa sambaza akiwa nyumbani kwake, mémoire iko juu ya kabati, mjukuu mwenye kusoma shule anamsomea kila anapotaka, bila ngazi, bila kadi, bila mimi.

Tangazo lilisomwa makanisani baada ya komunyo, likasomwa na redioni. Tukatoa muda mfupi, maana wanafunzi wa bondeni walikuwa bado sakafuni.

Watu walikuja. Ee Mungu, walikuja! Walijaa ngazi mpaka chini kwenye geti. Nilikuwa nimekaa mezani na nyuma yangu vijana wa usafi wakichomoa rafu, na kila aliyefika alitaja jina na mwaka, nikamtafutia. Nilitamani kikao kizima kije kisimame pale kihesabu. Mzee mmoja alichukua ya binti yake aliyeolewa Kanada, akaivuta kifuani. Mwanamume wa makamo alichukua ya kwake mwenyewe, akasoma ukurasa mmoja amesimama, akasema, “Nani alinipitisha mi?” watu wakacheka. Mwanamke mmoja alikuja kwa ajili ya mume aliyemwacha. Hakutaka kuichukua, alitaka tu kuona katika shukrani nani alitajwa kwanza, yeye au yule mwingine. Nilimwonyesha. Alitajwa yeye. Akaichukua.

Mama wa Sange, yule wa sambaza, alifika siku ya mwisho, mchana. Nilimwona kwenye foleni akiwa bado chini ya kona ya ngazi, nikajisikia kama mwenye kusubiri mgeni wa sherehe. Mémoire yake nilikuwa nimeiweka kando tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeitia katika mfuko mzito wa plastiki, na juu yake nikafunga kipande cha kitenge kipya, kwa sababu kwetu kitu cha thamani hakikabidhiwi uchi.

Alipofika mezani nilisimama. Nikampa kwa mikono miwili.

“Maman, hii ni yako sasa. Hakuna mutu atakuomba carte tena. Unakuwa nayo kwako, kila siku.”

Hakunyoosha mikono. Alikitazama kitenge, akanitazama mimi.

“Kwangu wapi?” akasema.

“Kule munakaa.”

“Kule tuko batu kumi mu chumba moja, kwa shemeji. Naye ameanza kuchoka.” Alisema hivyo bila hasira, kana kwamba ninapaswa kuwa ninajua. “Maman, ku Sange niliacha photo yake. Niliacha diplôme, niliacha biatu byake bya siku ya defense, ya kutetea kazi. Tulikimbia, nilibeba batoto ba dada yake. Sijue nani iko na bile bintu sasa. Lakini nilikuwa nasema, hakuna neno. Iko na fasi moja yenye hata mi nikimbie tena, yeye anabaki.”

Akagusa meza yangu kwa kidole.

“Njo hapa,” akasema. “Mi nalalaka kwa sababu iko hapa. Sasa unanirudishia?”

Nilianza kumweleza. Nilisema kuhusu chumba, kuhusu wanafunzi, ambao wengi wao ni watoto wa kwao, wa bondeni. Nilisema kuhusu sera, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba vyuo vikubwa vyote vinafanya hivi, kwamba nilipigana ili yeye apewe, kwamba bila mimi ingeenda sokoni. Kila neno lilikuwa kweli. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooshwa.

“Nimesikia, maman,” alinijibu. “Lakini risasi zikilia kesho, nitabeba mutoto ama nitabeba karatasi? Nitamuacha tena. Mara ya pili. Usinipe.”

Aligeuka, akainua beseni lake lililokuwa mlangoni, akashuka ngazi polepole, na watu wakajibanza ukutani ili apite. Nilitaka kumkimbilia, nikabaki mezani, kwa sababu hata kama ningemfikia nisingekuwa na mahali pa kumtajia. Nilitafuta, wallahi nilitafuta kichwani mji mzima, Ibanda na kwingine, nyumba yangu mwenyewe ambayo mlango wake haufungi vizuri, nikatafuta mahali pamoja ambapo ningeweza kuapa kwamba patakuwepo mwakani. Sikukuta. Nilikata tamaa pale mezani nikiwa nimesimama, mbele za watu, na kitenge mkononi.

Kijana wa usafi aliniuliza kama hiyo iende na zile za sokoni. Nikamwambia asiiguse. Nikaketi, nikaiweka mapajani, nikamwita anayefuata.